Kitambulisho Hakiazimwi

Kwa wiki kadhaa sasa tumekuwa tukipokea maswali yanayofanana kutoka kwa jamaa zetu walioko Nairobi, upande wa Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Jericho, Umoja, hata Kayole. Maneno hutofautiana, kiini ni kimoja. Mtu amechukua kitu dukani kwa malipo ya polepole, au amemchukulia mwenzake kwa jina lake. Baadaye amekwenda kuomba mkopo wa maana, wa karo au wa kupanua biashara, akaambiwa kuwa jina lake limeharibika. Naye hushangaa vipi simu moja imeweza kumfungia mlango mkubwa namna ile. Badala ya kujibu barua mojamoja, tumeona bora tuliseme jambo hili hapa, mbele ya wote.

Kukopa dukani si jambo lililozuka jana. Mtaa wa Pumwani, uliokusanya Waislamu wengi wa Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, umeishi kwa daftari la mwenye duka. Sukari robo, mafuta ya taa, unga wa ngano wa mahamri ya Ijumaa: vyote viliandikwa, na mwisho wa mwezi watu wakahesabiana. Hatusemi kwamba mambo yalikuwa mazuri wakati wote. Wako waliohama usiku na deni, na wako wenye maduka waliofilisika kwa kuona haya kudai. Lakini daftari lile lilikuwa na sifa mbili ambazo hatuna budi kuzikumbuka. Bei haikupanda kwa sababu umechelewa, na habari za deni lako zilibaki baina yako na mwenye duka, pengine na jirani mmoja mwenye masikio marefu.

Likaja kisha deni la maduka makubwa. Wazee waliokuwa walimu au makarani wa serikali wanayakumbuka majina kama African Retail Traders na Kenya Credit Traders, ambako mtu alichukua meza, redio au cherehani, na pesa zikakatwa kwenye mshahara. Biashara hiyo ilikuwa na sheria yake, Sheria ya Ununuzi kwa Kukodi, Sura ya 507, iliyotungwa mwaka 1968. Ndani yake mna kinga ambayo wachache wanaijua: mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei yote, muuzaji hana ruhusa ya kuja kukibeba kitu hicho mwenyewe, ila apitie mahakamani kwanza. Tunalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu wa bodaboda hasa. Wengi wao wamelipa sehemu kubwa ya pikipiki, kisha siku mbili za mvua zikawakosesha kipato, wakaamka wakakuta chombo kimechukuliwa. Msome mkataba kabla ya kutia saini, kwa kuwa ukiwa umeandikwa kama mkopo wenye dhamana, wala si ununuzi kwa kukodi, kinga hiyo huenda isikufikie.

Leo daftari limehamia kwenye simu. Mwaka 2012 M-KOPA ilianza kuuza taa za jua kwa malipo ya kila siku, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo ikaja M-Shwari, ambapo mtu aliweza kukopa bila kuonana na mtu, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Ada hiyo husikika kuwa ndogo. Ukikopa shilingi 4,000 utaongeza 300 tu. Lakini anayekopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa shilingi 3,600 za ada kwa ajili ya shilingi 4,000 zilezile. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, na Julai 2020 Safaricom ikaleta Lipa Mdogo Mdogo, yaani simu ya kisasa kwa malipo ya kwanza ya shilingi 1,000 na shilingi 20 kila siku. Baada ya hapo mlango ukafunguka wazi. Pita leo barabara yoyote ya Eastlands, uone vibanda vya rangi na vijana waliovaa fulana wakikuita: simu, televisheni, friji, jiko la gesi, chukua sasa, lipa polepole.

Hatutaki kuonekana tunadharau. Mama mboga wa Kariobangi hana shilingi 14,000 za kutoa kwa mara moja, na biashara yake siku hizi haiwezi kwenda bila simu. Fundi wa Kamukunji hupata wateja wake kwa picha anazotuma. Ulipaji wa kidogokidogo umewapa watu vitu ambavyo wasingevipata. Tunachokilalamikia ni kwamba mteja huambiwa hesabu ya siku, haambiwi hesabu ya mwaka, na kwamba haelezwi jina lake linakwenda wapi anapopiga picha ya kitambulisho chake.

Tuchukue kisa kimoja kati ya vile tulivyoletewa. Mwenyewe ametupa ruhusa tukieleze bila kumtaja.

Mama huyu anakaa Jericho, anauza mahamri na viazi karai asubuhi na jioni, na amewalea watoto watatu peke yake. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alitoka Pwani kuja kutafuta riziki, akapata kibarua cha kupakua marobota ya mitumba Gikomba. Alihitaji simu. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea na kipya hakijatoka, basi akamwomba mamake mdogo amchukulie kwa jina lake. Simu ile bei yake ya taslimu ilikuwa shilingi 14,000. Kwa malipo ya polepole ilitakiwa shilingi 3,000 za kwanza, kisha shilingi 65 kila siku kwa mwaka mzima. Shilingi 65! Ni bei ya mahamri machache. Mama akaona haina uzito, akatoa kitambulisho, akapigwa picha, akabonyeza namba zake za siri. Yote yalikwisha katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sasa tuhesabu pamoja, maana pale kibandani hakuna aliyehesabu. Shilingi 65 kwa siku 365 ni shilingi 23,725. Ongeza 3,000 za kwanza, jumla inakuwa 26,725. Tofauti na bei ya taslimu ni shilingi 12,725, yaani inakaribia simu ya pili. Na ukitazama kwa jicho la mkopeshaji, mama yule alikopeshwa shilingi 11,000 tu, zile zilizobaki baada ya malipo ya kwanza, naye akaahidi kurudisha zaidi ya mara mbili ya hizo ndani ya mwaka mmoja.

Kijana alilipa vizuri kwa miezi minne. Kazi ya Gikomba ikakatika, akashindwa. Simu ikajifunga yenyewe, kama zinavyofanya simu hizi malipo yakikosekana. Hapa ndipo penye kosa kubwa la watu wengi. Kijana alidhani kuwa maadamu simu imejifunga, basi deni nalo limekufa: wao wamechukua chao, yeye amekosa chake, wamelingana. La hasha. Simu kujifunga ni njia ya kukushurutisha ulipe tu, haifuti chochote. Siku ile ilipojifunga, kijana alikuwa amekwisha kutoa shilingi 10,800, na deni lililosalia lilikuwa shilingi 15,925. Amelipa zaidi ya robo tatu ya thamani ya simu dukani, na bado anadaiwa kuliko bei ya simu mpya. Tena anayedaiwa si yeye. Ni mama muuza mahamri.

Mama hakujua lolote. Kijana aliona haya kumwambia. Ujumbe ulikuja kwenye simu yake, kwa Kiingereza, katikati ya matangazo ya bahati nasibu na ya vifurushi, akaufuta pamoja na mengine. Kanuni za mwaka 2020 zinamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa taarifa siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya zake kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo, zile ambazo kila mtu huziita CRB. Taarifa ilitolewa, kisheria hapana lawama. Kufikishwa ni jambo jingine.

Mwezi wa Agosti binti yake akapata nafasi chuo kikuu. Mama akaenda kwenye ushirika wake wa akiba na mikopo, ambako amekuwa akiweka pesa kwa miaka tisa bila kukosa hata mwezi mmoja, akaomba mkopo wa karo. Wakatazama kumbukumbu zake, wakakuta deni la simu lisilolipwa. Wakamwambia alisafishe kwanza kisha arudi. Miaka tisa ya uaminifu ikasimamishwa na simu ambayo hakuwahi hata kuishika.

Ni vyema tueleze CRB ni kitu gani, kwa sababu watu huitaja kama wanavyotaja jela. Kampuni hizi zimepewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, nazo ni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kazi yao ni kupokea habari za madeni kutoka kwa wakopeshaji, kuzihifadhi, na kuwaonyesha wakopeshaji wengine wanapouliza. Habari hizo ni nzuri na mbaya, si mbaya peke yake. Kila Mkenya aliyewahi kukopa benki anayo kumbukumbu huko, kwa hiyo kuwamo CRB si aibu. Tatizo ni kuwamo kwa ubaya. Na habari mbaya haifutiki siku unapolipa. Huandikwa kwamba umelipa, lakini alama ya kuwa ulichelewa hubaki kwa miaka mitano. Mkopeshaji ataiona, na hiari ni yake: akunyime, au akupe kwa masharti magumu zaidi. Athari haikomei kwenye mikopo, maana kwa miaka mingi waombaji wa kazi za serikali wamekuwa wakitakiwa kuleta cheti cha CRB pamoja na vyeti vingine.

Jambo hili si la wachache. Mwezi Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasafisha waliokwama kwenye mikopo ya simu iliyotolewa na mabenki: waliopatana na benki zao walisamehewa nusu ya deni, na mpango ukaendelea hadi mwisho wa Mei 2023. Waliolengwa walikuwa zaidi ya watu milioni 4. Tukumbuke pia kwamba Aprili 2020 wakopeshaji wa mtandaoni wasiosimamiwa walizuiwa kupeleka majina CRB, na madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 yakaondolewa kabisa katika orodha. Kabla ya hapo mtu aliweza kuharibiwa jina kwa deni la nauli ya matatu.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana, nao kwetu sisi ndio dhuluma ya kimyakimya. Si kila duka linalokopesha hupeleka habari nzuri. Mtu aweza kulipa friji kwa miezi 18, siku baada ya siku, asikose hata moja, na jina lake lisipande hata nukta, kwa sababu duka halina mazoea ya kuripoti waliolipa. Mtu huyohuyo akikwama, deni laweza kuuzwa au kupelekwa kwa mkusanyaji, na hapo jina lake litafika haraka. Basi anayekuambia kibandani kuwa kuchukua simu kwa mkopo kutakujengea jina, muulize: mnaripoti kwa nani? Akibabaika, umepata jibu.

Jamaa zetu walioko Marekani wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Huko maduka makubwa hutoa kadi zao wenyewe za mkopo. Mnunuzi anaposimama kulipa huambiwa kuwa akichukua kadi papo hapo atapunguziwa bei ya nguo alizoshika. Anakubali. Riba ya kadi nyingi za namna hiyo huzidi asilimia 30 kwa mwaka, kiwango cha kukopa huwa kidogo hata ununuzi mmoja hukijaza, na kadi iliyojaa hushusha alama za mkopaji hata kama analipa kwa wakati. Nyingine hutangaza miezi kadhaa bila riba, na mwisho wa muda ikibaki hata dola moja, riba ya tangu siku ya kwanza huangushwa yote kwa pamoja. Wageni waliofika karibuni ndio wanaonaswa zaidi, kwa kuwa kadi ya duka hupatikana kwa urahisi kuliko ya benki. Ukimtazama mtu huyo wa Marekani na mama yetu wa Jericho, utaona mtego ni mmoja: uamuzi wa mwaka mzima unafanywa kwa dakika tano, mbele ya muuzaji anayelipwa kwa kila mteja anayekubali.

Tukirudi kwetu, hapana budi tuseme neno juu ya Fuliza. Watu wengi hulipa ile ada ya siku kwa Fuliza. Pesa hazipo kwenye simu, malipo ya friji yanadaiwa saa sita usiku, Fuliza inaziba pengo. Kesho yake mteja wa kwanza akilipa, Fuliza inajikatia kwanza. Ikifika jioni pesa hazipo tena. Hapo mtu anadaiwa mara mbili kwa ajili ya kitu kimoja, na ada zake ziko mbili. Akiwa na vitu vitatu vya lipa polepole nyumbani, na hili si jambo la ajabu katika nyumba za Umoja na Kayole, hajui tena anamfanyia nani kazi.

Wako waliouliza pia hukumu ya dini. Sisi si mafakihi, na anayetaka fatwa amwendee shekhe wake. Lakini msingi wake unafahamika. Wanazuoni walio wengi wamejuzisha kuuza kitu kwa bei ya juu kidogo kwa anayelipa baadaye, iwapo bei ni moja, imetajwa, na wote wawili wameikubali kabla ya kuachana. Kinachokatazwa ni deni kuongezeka kwa sababu umechelewa. Basi maswali ya kumwuliza muuzaji ni mawili: jumla ya mwisho ni shilingi ngapi, na nikichelewa mwezi mmoja, jumla hiyo itapanda? Ukijibiwa kuwa itapanda, umeshajua unachokitia nyumbani. Na tukumbuke kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Mkataba wa kurasa kumi na mbili za Kiingereza zinazopitishwa kwa kidole bila kusomwa umeandikwa, ndiyo, lakini sidhani kuna mtu atakayedai kuwa pande zote mbili zinajua kilichomo.

Ama kuhusu kuazimana kitambulisho, hapa tutasema waziwazi hata kama tutawaudhi watu. Desturi hii imeenea katika familia zetu kwa sababu tunaona kukataa ni kuvunja udugu. Tunamnyima ndugu yetu shilingi 5,000 taslimu, tukisema hatuna, kisha tunampa kitambulisho bila wasiwasi, ilhali hicho kina thamani kubwa zaidi. Wapo watakaotoa mfano wa Abu Qatada, aliyejitolea kubeba deni la maiti ili Mtume, rehema na amani zimfikie, amsalie. Mfano ni mzuri, ila tuutazame vizuri. Abu Qatada alijua ni deni la nani na ni kiasi gani, alisema mbele ya watu kuwa ni lake, na akalilipa. Anayetoa kitambulisho chake Jericho hajui kiasi, hajui muda, na moyoni anaamini kuwa deni ni la mtu mwingine. Mbele ya sheria, mwenye jina ndiye mwenye deni. Ukitaka kumsaidia mpwa wako, nenda naye ukanunue simu ndogo ya shilingi elfu mbili kwa pesa zako, au muingizeni kwenye mchezo wa familia apokee zamu ya mapema. Kina mama wa Pwani wameendesha michezo hiyo tangu enzi za bibi zao bila ada na bila CRB.

Mama wa Jericho alifanikiwa kulipa. Wenzake wa mchezo walimpisha zamu, akapata kitita, akalipa deni lote la simu, na karo ya muhula wa kwanza ikatoka kwa kuuza kabati la vyombo na kwa mchango wa ndugu, mpwa akiwemo. Tulimshauri achukue barua ya kampuni inayothibitisha kuwa hana deni, aipeleke ushirika, kisha aombe ripoti yake CRB ahakikishe imerekebishwa. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Kwa Metropol unaweza kuanzia kwenye simu kwa kubonyeza *433#. Ukikuta deni usilolijua, au ulilokwisha kulipa likiwa bado linaonyeshwa kuwa hai, unayo haki ya kupinga, na kampuni inawajibika kuchunguza. Fanya kwa maandishi na uhifadhi nakala.

Msomaji mmoja wa Dandora ameuliza kama kubadilisha laini ya simu kutamwondoa katika orodha. Hapana. Kumbukumbu hufuata namba ya kitambulisho, na hiyo haibadiliki hata ukinunua laini kumi. Ukibadilisha laini utakachopoteza ni ile taarifa ya siku 30, kwa kuwa itatumwa kwenye namba ambayo huna tena.